Kilichomo Ndani ya Lami

Kiswahili kina jina la wazi kwa kile kinachobaki tanurini baada ya chuma kuyeyushwa: mavi ya chuma. Wahunzi wa zamani waliyatupa kando ya viwanda vyao, na mpaka leo waakiolojia wanaotafuta mahali palipoyeyushwa chuma huanza kwa kutafuta lundo lake. Mwaka huu nimelikumbuka jina hilo mara nyingi, kwa sababu sura muhimu ya historia ya barabara za lami inaanzia kwenye lundo kama hilo, Uingereza, mwaka 1901.

Mhusika aliitwa Edgar Purnell Hooley. Alikuwa msimamizi wa barabara za jimbo la Nottinghamshire. Siku moja alipita Denby, katika jimbo jirani la Derbyshire, karibu na kiwanda cha chuma, akaona kipande cha barabara kisicho na vumbi wala mashimo. Kuuliza, akaambiwa kuwa pipa la lami lilianguka kutoka kwenye mkokoteni likapasuka, na mtu fulani, ili kufunika ule uchafu, akamwaga juu yake mavi ya chuma. Ndivyo inavyosimuliwa. Hadithi za uvumbuzi huwa nadhifu kuliko uvumbuzi wenyewe, lakini hii ninaipenda kwa sababu shujaa wake hana jina. Ni kibarua aliyekuwa anaficha fujo.

Hooley alirudi kwake akaanza kujaribu. Mwaka 1902 alipata hataza ya kuchanganya lami moto na mavi ya chuma yaliyovunjwavunjwa, na mwaka 1903 akaandikisha kampuni. Uhandisi aliujua, biashara ilimshinda. Mwaka 1905 kampuni ikachukuliwa na kufufuliwa na Sir Alfred Hickman, mbunge wa Wolverhampton. Hickman alimiliki kiwanda cha chuma, na kiwanda chake kilikuwa kinazalisha milima ya mavi ya chuma ambayo hakuwa na pa kuyapeleka.

Nilipofika hapo kwenye kusoma nilisimama kidogo. Nilidhani ninasoma habari za mtu aliyetaka barabara nzuri, kumbe mlangoni alikuwa anasubiri mtu mwingine, mwenye taka.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa uhandisi wa barabara, Dar es Salaam. Utafiti wangu unahusu kuongeza plastiki kwenye lami ili istahimili joto na uzito. Kwa wasiokaa maabara, nianze na jambo moja. Sisi huita kila kitu cheusi cha barabarani lami, lakini ndani yake kuna vitu viwili. Kuna mawe, yaani kokoto na mchanga, ambayo ni takribani asilimia 95 ya uzito wote. Na kuna gundi nyeusi inayoyashika, asilimia 5 hivi, ambayo wahandisi huiita bitumeni. Hiyo asilimia 5 ndiyo inayolala macho usiku. Jua likiwaka, uso wa barabara katika nchi zetu unaweza kufika nyuzijoto 60, gundi inalegea, na malori yanachora mabonde mawili marefu yanayofuata njia ya matairi. Aliyepanda Kitonga nyuma ya semitrela iliyobeba mafuta kwenda Zambia au Kongo ameyaona: pale gari linapokwenda taratibu, uzito unakaa mahali pamoja muda mrefu zaidi, na lami inasukumwa pembeni kama ugali chini ya mwiko. Kwenye nchi za baridi shida ni kinyume chake, gundi inakakamaa na kupasuka. Na popote penye mvua, maji huingia kati ya jiwe na gundi na kuzitenganisha.

Kwa hiyo mtu huongeza kitu. Chokaa, kwa mfano, imetumika muda mrefu kusaidia gundi ishike mawe kama granaiti, ambayo kwa asili hupenda maji kuliko bitumeni. Huongezwa asilimia 1 au 2 tu. Mpira, plastiki, asidi, salfa, nyuzi: kila kimoja kina wataalamu wake na mikutano yake. Vitabu vya darasani huvieleza vyote kwa namna moja, kwamba palikuwa na udhaifu, ikatafutwa dawa, ikapatikana. Nilipoanza kufuatilia kila dawa ilikotoka, niliona kitu ambacho vitabu hivyo havikisemi. Karibu kila kilichowahi kuongezwa kwenye barabara kilikuwa kwanza tatizo la mtu mwingine.

Chukua lami aliyotumia Hooley mwenyewe. Haikuwa bitumeni ya mafuta. Ilikuwa lami ya makaa ya mawe. Miji ya Ulaya karne ya 19 iliwasha taa kwa gesi iliyotengenezwa kwa kuoka makaa, na baada ya gesi kutoka, kilichobaki ni uji mweusi unaonuka. Viwanda vya gesi vilikuwa nao tele. Magari yalipoanza kutimua vumbi kwenye barabara za kokoto, barabara zikawa mdomo uliokuwa tayari kumeza kila kilichomo pipani. Mwaka 1902, huko Monaco, daktari Mswisi aitwaye Ernest Guglielminetti alipaka uji huo barabarani ili kuua vumbi, na watu wakamwita Daktari Lami. Alidhani anaokoa mapafu, na kwa upande wa vumbi alikuwa sahihi.

Kisha mwaka 1915, Tokyo, Yamagiwa Katsusaburo na msaidizi wake Ichikawa Koichi walichapisha kazi ya kuchosha kuliko zote nilizowahi kusoma. Walikuwa wakipaka lami ya makaa kwenye masikio ya sungura, mara kwa mara, mwezi baada ya mwezi, mpaka saratani ikaota. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kusababisha saratani kwa kemikali maabara, hatua kwa hatua, mbele ya macho yake. Barabara za Ulaya ziliendelea kupakwa lami ile ile kwa miaka mingine mingi. Kilichoiondoa Uingereza kwa sehemu kubwa kilikuwa gesi asilia ya Bahari ya Kaskazini, iliyofanya viwanda vya gesi ya makaa vifungwe. Taka ilipokwisha, dawa nayo ikakoma.

Lakini barabara hazikuondoka. Leo mkandarasi wa Uingereza au Uholanzi anapokwangua barabara ya zamani, hupuliza kwenye kipande cha lami rangi nyeupe ya kopo. Rangi ikigeuka kuwa ya manjano au kahawia, ndani kuna lami ya makaa, na kifusi chote kinahesabiwa kuwa taka hatarishi, chenye sheria zake na gharama zake. Anayelipa ni watu ambao babu zao walifurahia kuondokana na vumbi.

Bitumeni tunayotumia sasa ni mabaki pia, yaani kilichobaki chini ya mtambo baada ya petroli, mafuta ya taa na dizeli kutolewa. Hilo si siri na wala si kosa. Inafaa tu kulijua, maana mitambo ya kusafisha mafuta inavyozidi kuwa hodari wa kukamua, ndivyo kile cha chini kinavyobadilika, na sisi tunaonunua kwa meli tunapokea kilichokamuliwa na wengine.

Sasa niingie kwenye mpira, kwa sababu hapo ndipo mabwana wawili, barabara na taka, walipogombana hadharani.

Charles McDonald alikuwa mhandisi wa vifaa wa jiji la Phoenix, Arizona, katika miaka ya 1960. Phoenix ni jangwa. Mchana barabara inaungua, usiku inapoa, na lami inapasuka kwa mistari kama mgongo wa mamba. McDonald alitaka kiraka kinachonyumbuka, kinachoweza kufunika nyufa bila chenyewe kupasuka. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia kwenye paa la nyumba yake ya kuvutwa na gari, ambalo alikuwa akiliziba kwa lami na lami ikawa inapasuka tena. Akachukua unga wa matairi makuukuu akauchanganya na bitumeni moto.

Wengine walikuwa wameweka mpira kwenye lami kabla yake. Alichogundua McDonald ni subira. Ukitia unga wa tairi kwenye bitumeni iliyo karibu nyuzi 180 au zaidi na kumwaga mara moja, umepata lami yenye changarawe za mpira. Ukiuacha kama saa nzima huku ukikoroga, chembe za mpira hunywa mafuta mepesi yaliyomo kwenye bitumeni, huvimba, huwa kama maharage yaliyolowekwa, na mchanganyiko wote unakuwa rojo nzito inayovutika. Kiasi cha mpira ni kikubwa, moja ya tano hivi ya rojo hiyo. Alianza na viraka vidogo, baadaye barabara nzima, na miaka ya 1970 akapata hataza. Arizona iliikubali kazi yake na kuitumia kwa miongo mingi. Wakazi waliipenda kwa sababu ambayo yeye hata hakuilenga: barabara ya mpira haipigi kelele.

Ninamheshimu McDonald kwa sababu alianza na ufa. Tairi lilikuwa jibu la swali lililokuwepo tayari. Waliofuata walianza na tairi.

Mwaka 1983, karibu na Winchester, Virginia, lundo la matairi yanayokadiriwa kufika milioni 7 lilishika moto. Liliwaka takribani miezi 9. Februari 1990, Hagersville, Ontario, likawaka jingine, siku 17, na moshi wake ukaonekana kwenye televisheni kote Amerika ya Kaskazini. Tairi likiungua hutoa mafuta yanayotiririka ardhini, na maji ya kuzimia yanayasukuma zaidi. Ukijaribu kulifukia, linapanda juu ya udongo tena. Wanasiasa wakawa wanatafuta shimo lenye ukubwa wa nchi, na mmoja wao akakumbuka kwamba barabara ni shimo lenye ukubwa wa nchi.

Desemba 1991 Rais George H. W. Bush alitia saini sheria kubwa ya usafiri. Ndani yake, kifungu cha 1038 kiliyaagiza majimbo yote yaanze kutumia mpira wa matairi kwenye lami: asilimia 5 ya lami iliyolipiwa kwa fedha za serikali kuu ifikapo 1994, kisha kuongezeka kila mwaka mpaka asilimia 20 mwaka 1997. Jimbo litakaloshindwa lingekatwa fedha za barabara.

Fikiria wewe ni mhandisi wa Minnesota. Hujawahi kuona mtambo wa kukoroga mpira. Baridi yako si joto la Phoenix, kokoto zako ni tofauti, mkandarasi wako hajui hiyo saa moja ya kusubiri, na bei ni kubwa kuliko ya kawaida. Huna ufa unaolalamikia mpira. Una amri. Majimbo yalipiga kelele, wakandarasi wakapiga kelele, maswali ya moshi wa mitambo yakaja, na swali zuri kuliko yote likaja pia: barabara hii ikichakaa, je, itaweza kukwanguliwa na kutumika tena? Bunge likazuia fedha za kuisimamia sheria hiyo, na Novemba 1995 likaifuta kabla ya asilimia 20 kumkuta mtu yeyote.

Katika maandiko mengi ya uhandisi, kifungu cha 1038 hutajwa kwa mstari mmoja, kama mafuriko yaliyopita. Mimi nakiona kuwa funzo bora kuliko fomula nyingi. Dawa iliyokuwa inafanya kazi Phoenix ilichafuliwa jina kwa miaka mingi mahali pengine kwa sababu ililetwa na mtu aliyetaka kuondoa matairi, si mtu aliyetaka kuondoa nyufa.

Kwetu, kusema kweli, tairi kuukuu halijawahi kuwa taka kwa maana ile. Linakatwa katambuga, na wenzetu wa Kenya wana akala zao. Linakuwa kamba ya kufungia mzigo nyuma ya baiskeli, bushi za magari, ndoo ya kuchotea maji kisimani, duara la kupandia maua mbele ya ofisi ya kata. Mtu akinijia na andiko la mradi linaloanza na maneno "mamilioni ya matairi yanayozagaa Afrika", namuuliza kwanza kama amewahi kujaribu kununua tairi bovu la lori Tandika bure.

Kuna dawa moja ambayo nilidhani inavunja kanuni yangu. Mwaka 1965 kampuni ya Shell ilianza kuuza polima kwa jina la Kraton, mojawapo ikiwa ile inayojulikana kwa herufi SBS. Ina ncha mbili ngumu na katikati laini kama mpira, na ikiwa moto inayeyuka kama plastiki. Ilitumika kwenye soli za viatu kabla barabara hazijaizoea. Ndani ya bitumeni, ncha zake ngumu hukusanyika pamoja na kufunga wavu, na asilimia 3 hadi 7 tu zinatosha kubadili tabia ya gundi nzima. Hii ilitengenezwa makusudi, nikajiambia, hii si taka. Kisha nikasoma ilikotoka butadieni, ile sehemu laini ya katikati: ni zao la pembeni la mitambo inayotengeneza ethilini ya plastiki. Mwaka 2008 butadieni iliadimika duniani, SBS ikapanda bei, na wahandisi wa Marekani ghafla wakaanza kuwaulizia watu wa mpira wa matairi, ambao walikuwa wameacha kuwapigia simu.

Tunawezaje kujua kama kilichoongezwa kinasaidia barabara, au kinamsaidia tu aliyekileta? Tunapima. Bruce Marshall wa idara ya barabara ya Mississippi alibuni kipimo chake mwishoni mwa miaka ya 1930, jeshi la Marekani likakichukua wakati wa vita kwa ajili ya viwanja vya ndege, na ndicho tunachofanya sisi mpaka leo: unashindilia keki ya lami kwa nyundo, unailoweka kwenye maji ya nyuzi 60, unaibana mpaka ivunjike. Mwaka 1987 Marekani ilianza mradi wa utafiti wa miaka mitano wa dola milioni 150, na milioni 50 hivi kati yake zilikwenda kwenye lami peke yake. Ulileta mfumo mpya wa kuipanga bitumeni kwa madaraja, ambao jina lake husema joto la juu na la chini ambalo gundi italistahimili. Daraja la 64-22, kwa mfano, ni la barabara inayofika nyuzi 64 kiangazi na kushuka hadi 22 chini ya sifuri.

Mfumo huo ni mzuri, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Lakini una tabia moja: unauliza gundi inafanya nini, hauulizi imetengenezwa na nini. Ukifaulu kipimo, umefaulu.

Ontario, barabara zilianza kupasuka mapema kuliko zilivyopaswa. Bitumeni yake ilikuwa imefaulu vipimo. Simon Hesp, mkemia wa Chuo Kikuu cha Queen's kilichoko Kingston, akaamua kuuliza lile swali ambalo mfumo hauulizi. Yeye na mwenzake walimulika sampuli kwa eksirei ili kutambua elementi zilizomo, na mwaka 2010 wakachapisha walichoona: zinki. Bitumeni haina sababu ya kuwa na zinki ya kiasi hicho. Zinki hutoka kwenye dawa inayowekwa kwenye oili ya injini kuzuia vyuma visilane. Kwa maneno mengine, ndani ya barabara kulikuwa na mabaki ya oili chafu, ile ambayo fundi wa gereji huimwaga kwenye dumu. Ikisafishwa upya, chini hubaki masimbi mazito, na masimbi hayo yanalainisha bitumeni ngumu kwa bei rahisi, kiasi cha kuifanya ifaulu kipimo cha baridi. Hesp alisema yanaifanya gundi izeeke haraka na kupasuka. Wanaoyauza walipinga, wakisema kwa kiasi kidogo hayana madhara, na ubishi huo umekwenda miaka mingi kwenye majarida. Mimi ninaegemea upande wa Hesp. Hata hivyo kinachonigusa zaidi ni ile zinki yenyewe: barabara ilibidi ipimwe kwa njia ile ile wanayotumia wapelelezi, kwa sababu hakuna karatasi iliyokuwa inasema kilichomo.

Wiki niliyosoma hayo nilimfuata fundi wetu wa maabara, mzee ambaye amepima lami tangu kabla sijazaliwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeunguza nini leo?"

Nikamwuliza, pipa la bitumeni linapokuja, tunajuaje kilichomo? Akanipeleka kwenye pipa lililokuwa kona ya maabara, akalifuta vumbi kwa kiganja. Lilikuwa limeandikwa 60/70, basi. Hizo ni namba za sindano: unaining'iniza sindano yenye uzito wa gramu 100 juu ya gundi yenye nyuzi 25, unaiachia sekunde 5, na kama imezama kati ya milimita 6 na 7, gundi yako ni 60/70.

"Hiyo ndiyo pasipoti yake," akasema. "Inakwambia imezama kiasi gani. Haikwambii mama yake nani."

Ndipo nikarudi kwa mtu ambaye utafiti wangu unamfuata, nikamsoma upya. Rajagopalan Vasudevan ni mwalimu wa kemia wa chuo cha uhandisi cha Thiagarajar, mjini Madurai, kusini mwa India. Karibu mwaka 2001 alianza kujaribu kutia plastiki za takataka kwenye barabara, na mwaka 2002 kipande cha kwanza kikajengwa ndani ya chuo chake. Watu wengi wanaosikia "barabara ya plastiki" hufikiri anaikoroga plastiki kwenye bitumeni, kama McDonald na mpira. Hapana. Vasudevan anaanza na jiwe. Kokoto zinachomwa mpaka nyuzi 160 au 170, vipande vyembamba vya plastiki vinamwagwa juu yake vikiwa vikavu, na kwa sekunde chache vinayeyuka na kulivika kila jiwe ngozi. Bitumeni inakuja baadaye, inakuta jiwe lililovaa. Maji hayapati pa kuingilia. Plastiki inachukua nafasi ya takribani asilimia 10 ya bitumeni, kwa hiyo kilomita moja ya barabara nyembamba iliyohitaji tani 10 za bitumeni hutumia tani 9 na tani moja ya mifuko.

Uzuri wake ni kwamba haihitaji mtambo mpya. Hataza ilitoka mwaka 2006, na mwaka 2018 serikali ya India ikamtunuku nishani ya Padma Shri. Kabla ya hapo, Novemba 2015, serikali hiyo ilikuwa imeagiza barabara za lami zilizo karibu na miji yenye watu zaidi ya 500,000 zitumie taka za plastiki. Nilipoisoma amri hiyo nilihisi Minnesota.

Vasudevan mwenyewe ni mkemia, na kanuni zake zina masharti ambayo vichwa vya habari huyaacha. Plastiki ya PVC hairuhusiwi, kwa sababu ikichomwa hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu ya mtu anayesimama kwenye mtambo. Joto lisizidi. Plastiki iwe safi na nyembamba. Na kuna maswali yaliyokuja baadaye, ambayo mwaka 2001 watu wachache waliyauliza: barabara inaposagwa na matairi, ngozi ile ya jiwe inakwenda wapi? Tunajua vumbi la barabarani si jambo dogo. Desemba 2020 wanasayansi wa jimbo la Washington walieleza katika jarida la Science kwa nini samaki aina ya koho walikuwa wanakufa mitoni kila mvua iliponyesha. Muuaji alitokana na dawa inayowekwa kwenye matairi ili yasizeeke, ambayo ikikutana na ozoni hugeuka sumu. Huo ulikuwa mpira wa magari yanayotembea, haukuwa wa kwenye lami, lakini dawa hiyo imo ndani ya tairi lolote unalosaga.

Rafiki zangu wanaofanya kampeni za mazingira huniambia ninachelewesha jambo jema. Mito imejaa plastiki, wanasema, barabara zinataka plastiki, mnangoja nini? Huwa nawajibu kwa kuwapeleka kwenye mtaro. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, Kenya ilitangulia Agosti 2017, Rwanda mwaka 2008. Ile mifuko laini ambayo Madurai inayeyuka kwa sekunde chache, kwetu imepungua sana, na nashukuru. Kilichojaa mtaroni Dar es Salaam ni chupa za maji na soda. Chupa ni plastiki ya aina nyingine, PET, na haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzi 250. Ukiimwaga kwenye kokoto za nyuzi 170 itajikunja tu na kukaa pale kama ganda. Ukipandisha joto mpaka iyeyuke, umeshaiunguza bitumeni. Kuinakili barabara ya Madurai hapa bila kufungua mfuko wa taka na kuangalia ndani ni kurudia kifungu cha 1038 kwa lugha nyingine.

Zaidi ya hayo, chupa zina wenyewe. Kuna kina mama na vijana wanaozikusanya alfajiri na kuziuza kwa kilo, na mradi wa barabara unaozihitaji ungekuwa unagombea riziki yao.

Mwezi uliopita nilikaa na mmoja wa kina mama hao nikitazama anavyopanga mzigo. Kila chupa aliyoishika, aliifungua kwanza, akakirusha kizibo pembeni. Nikamwuliza kwa nini.

"Wanunuzi hawavitaki, mwanangu. Vinachafua mzigo."

Vizibo si PET. Vimetengenezwa kwa polithini ngumu au polipropilini, na hizo huyeyuka kati ya nyuzi 130 na 165. Vipo kwenye jedwali la Vasudevan. Nilimnunulia gunia zima, la kwanza kuuza katika maisha yake ya kazi, na akanicheka mpaka machozi.

Gunia hilo sasa liko maabara. Limetoa kilo 11 baada ya kuoshwa, za buluu nyingi zaidi, nyeupe, na chache za kijani. Sijui kama litasaidia lami inayopanda Kitonga. Sampuli za kwanza zitaingia kwenye maji ya nyuzi 60 wiki ijayo, nusu zikiwa na vizibo, nusu bila. Mzee wa maabara ametafuta daftari jipya la jalada gumu, akachora safu moja zaidi kwa rula upande wa kushoto, kabla ya safu ya uzito na ya joto, na kuiandika juu yake: Imetoka wapi.